Muulize Shangazi: Bosi Kaleta Maua, Dirisha Kaliziba na Kabati

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya dada mmoja aliyehamishiwa meza ya dirishani na kichwa chake kikaacha kumgonga kila jioni, basi mkanivamia. Wengi mnauliza mimea gani, wachache mnauliza hewa, na kuna mmoja kauliza kama nina shamba la maua nimuuzie kwa bei ya jumla. Sina. Nina vyungu tisa barazani na kimoja kati ya hivyo mbuzi wa jirani kakimaliza juzi. Nimechagua maswali tisa, mengine nitayajibu siku nyingine au sitayajibu kabisa.

Shikamoo Shangazi. Nafanya kazi Posta hapa Dar, ghorofa ya saba, jengo la vioo vitupu. Mwaka jana bosi alirudi kutoka semina akasema tunaleta asili ofisini, tukaletewa vyungu 12 vya maua mazuri kweli, leo vimebaki viwili na hivyo viwili navyo vinaumwa. Anasema sisi hatujali na hanunui tena. Kosa letu liko wapi? – Wa ghorofa ya saba

Marahaba mwanangu. Kabla sijakujibu nijibu wewe, nani alikuwa anamwagilia? Najua utasema "wote", na hapo ndipo maua yalipofia. Chungu cha wote kinamwagiwa na wote, asubuhi dada wa usafi kaweka kikombe, saa nne mhasibu kamalizia maji ya chupa yake, jioni kuna mtu kamwaga chai ya rangi humo humo, udongo haukauki hata siku moja, mizizi inaoza, majani yanageuka njano, halafu mwingine akiona njano anasema maskini lina kiu, anaongeza maji. Maua mengi ya ofisini hayafi kwa kiu, yanazama. Dawa yake ni mtu mmoja, jina lake limebandikwa kwenye chungu, na kidole chake. Achomeke kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili, akikuta unyevu aondoke zake.

Kosa la pili nalijua bila kufika. Vyungu viliwekwa pale nafasi ilipobaki, mlango wa choo, koridoni, pembeni ya mashine ya fotokopi, na kile kikubwa kabisa chini ya AC inayokipulizia usoni kutwa nzima. Mmea unakula mwanga jamani, koridoni hakuna chakula.

Ila mimi kilichonishtua kwenye barua yako sio maua, ni hayo maneno "vioo vitupu". Uko ghorofa ya saba Posta, chini yako kuna bandari, meli, mikungu na miembe ya Wajerumani, halafu nakuhakikishia mapazia yenu yamefungwa toka asubuhi kwa sababu jua linapiga kwenye skrini, taa zinawaka saa sita mchana, na dirisha lililobaki limezibwa na kabati la mafaili ya mwaka arobaini na saba. Halafu bosi anaenda semina kutafuta asili.

Mwaka 1984 Mmarekani mmoja, Roger Ulrich, alichapisha kwenye jarida la Science kitu kidogo tu ambacho watu wa majengo wanakinukuu mpaka leo. Alichukua mafaili ya wagonjwa wa hospitali moja ya Pennsylvania waliopasuliwa mfuko wa nyongo kati ya 1972 na 1981, akawapanga wawili wawili wanaofanana, jozi 23, tofauti yao ni dirisha tu: mmoja kitanda kinatazama miti, mwenzake kinatazama ukuta wa matofali. Wa miti walirudi nyumbani mapema kidogo na dawa kali za maumivu walitumia chache. Hakuna aliyeletewa chungu kitandani. Halafu 2015 huko Melbourne, Australia, wanafunzi 150 walipewa kazi ya kuchosha ya kompyuta, katikati wakapumzishwa sekunde 40, wengine wakaonyeshwa paa lililooteshwa majani na maua, wengine paa la zege tupu, na waliotazama majani waliporudi kazini walikosea kidogo kuliko wenzao. Sekunde arobaini mwanangu, hata maji ya chai hayajachemka.

Kwa hiyo anza na kabati, lihamishe. Meza zigeuzeni dirisha liwe ubavuni kwa mtu, likiwa mbele linaumiza macho, likiwa mgongoni linang'aa kwenye skrini. Pazia lifungwe upande wenye jua saa hiyo tu, sio jengo zima mwaka mzima. Mkishamaliza hayo ndio mwende kwa wauza miche.

Na mkienda nunueni vitu vya kwetu. Ile zz planti inayouzwa kama kitu cha Ulaya asili yake ni huku huku, Kenya, Tanzania bara na visiwani mpaka kusini mwa Afrika, Waholanzi ndio walioanza kuizalisha kwa wingi miaka ya tisini ikawa ua la maofisi ya dunia nzima, sisi tunaiuziwa barabarani kama mgeni. Chini ina viazi vinavyotunza maji, ukiisahau wiki mbili tatu haikununii. Yale maua madogo ya zambarau ambayo Ulaya kila bibi anayo dirishani, yametoka milima ya Usambara, Mjerumani aliyekuwa mtawala huko Tanga aliyapeleka kwao mwaka 1892. Na Mchaga akipita mapokezi akaona masale kwenye chungu cha dhahabu atacheka peke yake, maana kwao hilo ni jani la mpaka wa kihamba, shamba lao la nyumbani, na ni jani unalompelekea mtu uliyemkosea ukimwomba radhi. Labda bosi wako ampelekee kila mmoja wenu moja.

Sasa Shangazi. Niko Upper Hill Nairobi, tuko watu 40 kwa chumba moja, madirisha zingine hazifunguki na zingine tunafunga juu ya kelele ya barabara. Ikifika saa nane kila mtu anasinzia. HR ametuambia tusijali, analeta mimea zitasafisha hewa. Ni ukweli ama tunachezwa? – Msinziaji

Mnachezwa kidogo, ila HR naye kachezwa, tusimlaumu peke yake. Hiyo habari chanzo chake ni utafiti wa NASA wa mwaka 1989, wale wa kwenda mwezini, walitaka kujua mtu akifungiwa kwenye chombo cha angani hewa itasafishwaje. Wakaweka mimea kwenye visanduku vilivyozibwa kabisa, wakaingiza kemikali humo, na kweli ikapungua. Sasa ofisi yako sio kisanduku, hata iwe na joto kiasi gani. Mwaka 2019 watafiti wengine wa Marekani wakarudi kupitia tafiti zote za namna hiyo wakapiga hesabu ya chumba cha kawaida, wakapata kwamba ili mimea ifanye kazi ambayo hewa inayoingia na kutoka kwenye jengo tayari inaifanya ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Mita ya mraba ndio hapo kilipo kiti chako na miguu yako. Wakishaweka mimea kumi hapo wewe utakaa wapi?

Usingizi wa saa nane una sababu zake, ugali umo pia tusidanganyane, lakini watu 40 wakipumua hewa ile ile tangu asubuhi hewa ya ukaa inajaa chumbani na kichwa kinakuwa kizito. Hapo mnataka dirisha. Fungueni la upande huu na la upande ule kwa pamoja, upepo uwe na pa kuingilia na pa kutokea, dakika kumi saa nne na dakika kumi mkitoka lunch, kelele mtaivumilia. Nyie wa Nairobi mko karibu mita 1,800 juu ya bahari, mna kibaridi ambacho sisi wa Pwani tunakilipia kwa luku. Pale Gigiri Umoja wa Mataifa walifungua jengo la ofisi mwaka 2011, katikati wameacha uwazi wenye mimea ambao hewa ya joto inapandia kutoka yenyewe, na juu wametandika paneli za sola. Hewa ipo, mnaifungia nje tu.

Na kitu kingine mdogo wangu, kutoka Upper Hill unatembea kwa mguu mpaka Uhuru Park. Mwaka 1989 walitaka kujenga mnara wa ghorofa 60 ndani ya ile bustani, Wangari Maathai akasimama akatukanwa kila tusi la mjini lakini mnara haukujengwa. Mama wa watu katukanwa kwa ajili ya nyasi zako, wewe unakula githeri mezani ukiangalia simu.

Shangazi mimi sina swali la maua. Mshahara unachelewa, ovataimu hatulipwi, halafu Ijumaa bosi kaja na mtaalamu wa ustawi wa wafanyakazi na fundi wa kujenga ukuta wa majani pale mapokezi. Nikasirike au nishukuru? – Arusha

Kasirika.

Ukimaliza kukasirika nikuambie na lingine. Ukuta wa majani sio picha ya ukutani, una mabomba, una pampu, una taa zake, na unataka fundi kila mwezi, ni kama kuajiri mtu mwingine. Kampuni isiyoweza kulipa ovataimu haiwezi kuulisha huo ukuta. Tena uko mapokezi, anayeuona ni mgeni anayesubiri, nyie mko nyuma kule na taa za tyubu. Mimi naamini sana hizi habari za mwanga na miti, ndio maana naandika, lakini mtu anayelala anawaza kodi ya nyumba hatulizwi na jani. Andikeni barua ya pamoja kuhusu malipo, kwa tarehe na kiasi, sio manung'uniko ya kwenye grupu la wasap. Na huo ukuta ukiona unaanza kunyauka, ujue hata fundi hajalipwa.

Habari za kazi Shangazi. Mimi ndiye bosi, usinitukane. Tunajenga ofisi yetu Dodoma, ya watu kama 30, mchoraji ameniletea jengo la kioo mbele na nyuma. Nimetenga fungu la maua na fenicha nzuri. Nataka wafanyakazi wakae vizuri kweli. Nianzie wapi? – Mwajiri

Sikutukani, wewe umeuliza kabla hujamwaga zege, ni wachache sana. Anzia kwa mchoraji. Mwulize hilo jengo uso wake unatazama wapi. Huku kwetu karibu na ikweta jua la mchana liko utosini, paa lenye ukingo mrefu linalikinga, linaloua ni la asubuhi na la alasiri ambalo linakuja limeinama na kupenya mpaka uvunguni mwa meza. Kwa hiyo pande ndefu za jengo, zile zenye madirisha mengi, ziangalie kaskazini na kusini, mashariki na magharibi uweke ukuta, stoo, ngazi, vyoo. Akikwambia kiwanja hakiruhusu basi aweke veranda pana upande wa magharibi, na kabla ya msingi panda miti upande huo sasa hivi, usingoje uzinduzi. Dodoma mvua ni ya msimu mmoja na ni ya kuokoteza, mwarobaini unaijua hiyo shida, mkwaju unaijua, ila yale majani ya bustani ya hoteli ya ufukweni yatakufilisi maji.

Kuna jengo Harare, Eastgate, lilifunguliwa 1996, la maduka na maofisi, mchoraji wake Mick Pearce alichukua wazo kwenye vichuguu vya mchwa. Kuta na sakafu nzito, usiku feni zinaingiza hewa ya baridi inayopoza zege, mchana zege linarudisha ubaridi kwa watu, hewa ya joto inatokea kwenye mabomba marefu juu ya paa. Baadaye wanasayansi walichunguza vichuguu wakasema mchwa hawafanyi hasa vile alivyodhani, lakini jengo halikusikia hiyo habari, linaendelea kupoa. Nakutajia hilo kwa sababu Dodoma usiku kunapoa, hiyo mbinu inawezekana kwenu. Mtu wa Dar asiige, usiku wetu ni mchana wenye giza.

Sasa hilo fungu la maua na fenicha, usilitumie. Yaani usilitumie mwenyewe. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walifanya jaribio la kupanga ofisi kwa namna nne. Ofisi kavu isiyo na kitu, ofisi iliyopambwa kwa mimea na picha, ofisi ambayo mtu kaachiwa mimea na picha hizo hizo apange atakavyo, na ya mwisho mtu anapanga halafu mkubwa anaingia anampangua. Waliopambiwa walifanya kazi zaidi ya wale wa ofisi kavu kwa asilimia 17 hivi, waliojipangia wenyewe karibu asilimia 32. Na waliopanguliwa faida yote ikapotea, ingawa vitu vilikuwa vile vile mezani. Hapo ndipo mabosi wengi wenye roho nzuri mnapoharibu, mnanunua kizuri halafu mnakataza kukisogeza. Wagawie watu 30 hao fungu lao, kila kundi la meza tano liende lenyewe kwa muuza miche, atakayetaka kuchagua kakati achague kakati, na asiyetaka mmea kabisa aachwe, kuna watu udongo unawapa mafua.

Assalaam alaykum Shangazi. Ofisi yetu imo ndani ya nyumba kongwe Mji Mkongwe Unguja, katikati ina ua, mna mlangilangi mmoja na vyungu vya mrehani. Mkubwa wetu ataka kuufunika ua kwa bati na vioo afanye ukumbi wa mikutano wa AC. Asema twapoteza nafasi. Mie roho yaniuma lakini sijui nimwambieje. – Mtoto wa Shangani

Waalaykum salaam. Mwambie anataka kuling'oa pafu la nyumba apate pa kuweka meza.

Hili swali nimelisoma mara tatu, maana huku bara watu wanalipa mamilioni kuletewa kile ambacho mkubwa wako anataka kukifunika bati. Ule ua sio nafasi iliyosahaulika, waliojenga walijua. Kuta za zile nyumba ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, zinachelewa kupata joto. Usiku hewa ya baridi inazama uani na kukaa mle, asubuhi vyumba vinainywa taratibu, mchana hewa ya moto inapanda inatoka juu na kuvuta nyingine kutoka vichochoroni. Halafu tazama vyumba vyenyewe, si virefu na vyembamba? Ni kwa sababu dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki upana wa mita tatu hivi, kwa hiyo hakuna mtu ndani ya nyumba ile anayekaa mbali na mwanga wa uani. Lamu wao ua huo wanauita kiwanda, na ni mpango ule ule. Ukishaufunika, vyumba vyote vinavyoutazama vinakuwa stoo, mtawasha taa mchana, mtaweka AC kila chumba, na ukuta wa chokaa uliozoea kupumua utaanza kutoa unyevu na madoa, wakiupiga saruji ndio watakuwa wameuzika kabisa.

Mkubwa ukimwendea na roho inayouma hatakusikia, mwendee na mambo mawili. La kwanza, Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kuna Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, huwezi kuamka tu ukaezeka ua, kibali kwanza. La pili, mfanyie mkutano mmoja mle mle uani saa mbili na nusu asubuhi, mikeka au viti, kahawa na haluwa, chini ya mlangilangi. Asiseme kitu. Halafu umwulize bili ya umeme ya mwezi uliopita ilikuwa shilingi ngapi.

Shangazi tangu waweke vyungu ofisini kwetu mbu hawaishi, tena wanauma mchana. Ni maua au ni bahati mbaya? – Sinza

Ni visahani. Maua hayazai mbu, maji yaliyotuama kwenye kile kisahani cha chini ndio yanazaa, na wanaouma mchana mara nyingi ni Aedes, wenye madoa meupe miguuni, ndio wanaoeneza dengue, ile kidingapopo iliyotusumbua Dar 2014 na tena 2019. Sio jambo la kucheka. Kwenye joto letu yai linaweza kuwa mbu anayeruka kwa kama wiki moja, kwa hiyo kila Jumatatu na kila Alhamisi mwage visahani vyote na uvisugue, mayai yanaganda pembeni, kumwaga peke yake hakutoshi. Au jaza mchanga kwenye kisahani. Na wale mliotumbukiza mani planti kwenye chupa za maji dirishani, maji yabadilishwe, nimeona chupa moja mahali ina viluwiluwi vinacheza kama samaki wa mapambo na watu wanaisifia.

Shkamoo. Niko kolsenta zamu ya usiku, chumba hakina dirisha hata moja. Nikileta ua langu litaishi? – Bundi wa mjini

Marahaba. Halitaishi, litakufa polepole ukidhani liko hai. Hata hizo zinazosifiwa kuvumilia giza zinavumilia tu, haziishi. Ukitaka sana mnunue mawili mawili, moja liwe kazini wiki hii na jingine kibarazani linakula mwanga, Jumapili yanapokezana zamu kama nyie.

Ila kwako wewe mimea sio ya kwanza. Mwili unapanga saa zake kwa jua, na wewe unaishi kinyume nalo. Ukitoka kazini saa kumi na mbili asubuhi unaenda kulala moja kwa moja, vaa miwani nyeusi njiani, nyumbani ziba dirisha kwa kanga nzito mbili au blanketi, giza hilo ndio asili unayoidai. Halafu ukiamka saa tisa mchana usikae ndani na simu, toka, kaa nje juani nusu saa, hata kwenye ngazi ya muuza chapati. Kazini mkidai kitu dai mapumziko ya nje ya jengo, hata uwanja wa paking usiku una upepo na anga. Zile spika za kutoa sauti ya ndege na maji yanatiririka sizipendi, hiyo ni yangu binafsi, kwanza sauti ya maji saa tisa usiku inampeleka mtu chooni tu.

Vipi kuhusu maua ya plastiki? – Mtu wa haraka

Kama huna mwanga kabisa sawa, macho yanapumzika kidogo. Lakini yaoge. Nimekaa kwenye chumba cha kusubiria ambako waridi la plastiki lilikuwa na vumbi mpaka limebadilika kabila.

Shangazi mimi ni fundi cherehani, sina ofisi, mimi na wenzangu watatu tunashonea chini ya mwembe Tabata, na fundi pikipiki mmoja pembeni. Nasoma kolamu yako kwenye simu wateja wakipungua. Mwenye kiwanja anataka kuukata mwembe, anasema mizizi inapasua ukuta na majani yanaziba bomba la paa. Tukose mwembe tutaenda wapi? – Fundi wa mwembeni

Mdogo wangu wewe una ofisi kuliko wote walioandika humu, ghorofa ya saba wote wangekuja kwako wangekaa.

Mwenye kiwanja ana hoja, usimwambie hana. Majani kweli yanaziba bomba. Mwambie hivi, nyie mafundi mtapanda kusafisha lile bomba kila mwezi na wakati wa masika kila wiki, mwandikishane kabisa. Matawi yanayoelekea kwenye bati yapunguzwe mara baada ya mavuno, na mtu anayejua, akate karibu na shina la tawi bila kuacha kisiki kinachooza, asinyoe mti mzima ukabaki nguzo. Kuhusu ukuta, kachimbue muone kama ni mizizi kweli au ni msingi mfupi, nyufa za Tabata sio zote za miembe. Kama ni mzizi, unakatwa huo mmoja upande wa ukuta, sio mti. Na mtendaji wa mtaa ajue kabla shoka halijafika, mti mkubwa wa kivuli cha wateja wa mtaa mzima sio wa kukatwa kimya kimya Jumapili.

Halafu nyie wenyewe. Ile misumari ya kutundikia magauni mliyoipigilia kwenye shina ichomoeni, fungeni kamba. Hapo chini ya mti msisakafie, acheni udongo wazi kipenyo cha hatua mbili tatu maji yapite. Na umwambie huyo fundi pikipiki aache kumwaga oili chafu shinani.